Daftari la Jiko Hujazwa Asubuhi

4 Februari

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na redio bado inakuimbia kila mchana hadi usinzie. Mimi sijambo. Nimehamia chumba kipya ghorofa ya tatu, na dirisha linatazama paa la jiko la hospitali. Alfajiri masufuria yakianza kugongana nakukumbuka. Ninayeishi naye ni muuguzi wa wodi ya watoto. Anakoroma, lakini ana roho nzuri.

Mama hajambo? Nikipiga simu ananiuliza kama nimekula, najibu ndiyo, anasema, "Haya, ongea na mjomba wako." Basi. Ndiyo maana nakuandikia. Nyumba yenu ni vyumba viwili na pazia. Simu ukishika wewe, anayesikiliza ni yeye. Karatasi haina sauti.

Jambo lenyewe ni hili. Daktari wa kliniki ya kisukari ameniambia sukari yake ya asubuhi, kabla hajatia kitu mdomoni, ni kumi na nne. Inatakiwa isizidi saba. Na macho yameanza kufifia. Mara ya mwisho nilipokuja alinipa uzi nimtungie sindanoni akasingizia kwamba taa ni hafifu, na ilikuwa saa sita mchana. Mjomba, fundi cherehani asiyeona tundu la sindano atakula nini, hata kama mimi nitampimia?

Nimempangia mlo wa kalori elfu moja na mia tano kwa siku. Neno kalori lisikutishe. Ni kipimo cha nguvu iliyomo ndani ya chakula, kama lita ilivyo kipimo cha mafuta ya taa. Asubuhi vipande viwili vya mkate, yai la kuchemsha, nyanya, chai ya maziwa bila sukari. Saa nne chungwa moja. Mchana wali gramu mia moja na hamsini, maharage nusu kikombe, mboga za majani kadiri apendavyo, mafuta kijiko kimoja cha chai. Jioni samaki au kuku asiye na ngozi, viazi viwili vidogo vya kuchemsha na mboga tena. Kabla ya kulala, nusu kikombe cha maziwa.

Kwenye kifurushi kuna mizani ndogo ya jikoni. Wali upime ukishaiva, si mbichi. Kila siku andika kwenye daftari alichokula, na kila baada ya wiki chache unitumie kurasa. Bila daftari mimi ni kipofu kuliko yeye.

Najua bado ana lile jambo la sahani. Sitaki kulizungumza.

Mpwa wako


26 Februari

Bibi Mizani, mpwa wangu,

Marahaba, mara mia. Goti limekuwa mtabiri wa mvua, linaishinda redio. Jirani wa mlango wa pili kajifungua mapacha, sasa tunalia watatu: wao wawili na mimi wakiniamsha. Muuza maji kaoa tena. Safari hii mke kamzidi urefu, tumemshauri akitaka kugombana naye apande kwanza juu ya kiti.

Mizani imefika. Ama kweli dunia duara. Mimi Koleo, jina nililopewa na wanafunzi mia nne niliowapikia bwenini miaka ishirini na sita, nikikoroga maharage kwa mti mrefu kuliko wewe, leo naikodolea macho mizani ya kiganjani kama sonara. Mama yako alinitazama siku ya kwanza napunguza punje za wali kwa ncha ya kijiko. Akasema, "Ukimaliza niambie hiyo ni karati ngapi." Nikamwambia, "Dada, kula, hiyo ni mahari yako." Alicheka. Sijamsikia akicheka tangu mwezi wa kumi na mbili.

Na hilo usilotaka kulizungumza, mimi nitalizungumza kidogo, mpishi hana adabu ya mdomo. Ulimnyang'anya sahani mkononi mbele ya wateja wawili, ukaiweka kwenye mizani yako ya mkobani, ukasema kwa sauti, "Gramu mia tisa na ishirini, mama. Unajiua mwenyewe." Yule mteja mnene alicheka. Gauni lake bado limening'inia ukutani, hajarudi kulichukua, na mama yako hataki kulishusha. Sisemi ulikosea. Nasema gauni lipo.

Daftari nimelifungua, nikalipiga mistari kwa rula kama lile la bwenini. Kurasa za wiki tatu hizo hapo. Ukiona mwandiko mzuri ujue sijalewa.

Mjomba wako
Koleo, mpishi mstaafu aliyerudishwa kazini kwa nguvu


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Wabusu mapacha kwa niaba yangu. Huku muuguzi mwenzangu amechumbiwa na chumba kimejaa maua ya plastiki, nafua soksi zangu kando yake kama mjane. Mimi nimepewa darasa la wagonjwa wapya kila Jumatano. Wanakaa kwenye viti vilivyopangwa nusu duara, nawaonyesha ngumi: "Wali usizidi hii." Jana mzee mmoja aliniambia, "Binti, tuletee mwalimu mwenye ngumi kubwa."

Kurasa zako zote nimezisoma, zile za kwanza na hizi za Machi, mara nne. Siku hamsini bila kosa hata moja. Kila mchana gramu mia moja na hamsini, kila asubuhi mkate vipande viwili. Sina mgonjwa hata mmoja aliyewahi kunipa kurasa kama hizi. Nilizishika nikaona aibu kwamba niliwahi kumtilia mama shaka.

Lakini kliniki inasema kumi na tatu nukta sita. Basi kama mlo ni sahihi, ama bado ni mwingi kwa mtu anayekaa kutwa kwenye cherehani, au dawa haimtoshi. Nimeshughulikia yote mawili. Kuanzia sasa tushuke hadi kalori elfu moja na mia mbili: wali gramu mia moja, mkate kipande kimoja, chungwa la saa nne liondoke. Toa sukari yote ndani ya nyumba, hata ya wageni. Na nimemwandikia daktari wake barua, kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali yetu, kwamba mgonjwa anafuata mlo kikamilifu na kwa hiyo afikirie kuongeza vidonge.

Uliniuliza kwenye simu kuhusu likizo. Bado haijajulikana. Kazi ni nyingi.

Mpwa wako


20 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Sote wazima. Mapacha wameanza kutabasamu, tabasamu moja kila mmoja, wamegawana kwa haki.

Daktari aliisoma barua yako mbele yetu. Akavua miwani, akamwambia mama yako, "Una mtoto msomi." Mama yako akanyoosha mgongo kama anapimwa gauni. Kidonge kilikuwa kimoja asubuhi, sasa ni viwili, asubuhi na jioni.

Sukari ya wageni bado sijaitoa. Wateja wamezoea chai hapa. Nitaitoa.

Kuna kitu nataka kukuuliza, si kikubwa. Huko kwenu daftari la chakula hujazwa saa ngapi? Sisi bwenini tulikuwa tunalijaza asubuhi, kabla ya kuwasha moto. Mkaguzi alikuwa akija saa tatu, na alichotaka ni daftari lilingane na ratiba iliyobandikwa ukutani. Likilingana, anakunywa chai yake anaondoka. Nauliza tu. Nijibu ukipata nafasi.

Koleo


8 Mei

Mjomba mpenzi,

Shikamoo! Leo nina furaha, nivumilie. Kila mwaka wataalamu wa lishe wa hospitali yetu hukutana, na safari hii niliombwa nizungumzie mgonjwa mmoja aliyefuata mpango kwa uaminifu nyumbani, bila uangalizi. Nikazionyesha kurasa zako ukutani kwa mashine, kubwa kama shuka. Nikaeleza kuhusu mpishi aliyelisha mia nne na sasa anapima kwa gramu. Mwisho mkuu wetu akauliza, "Ni nani huyu mgonjwa?" Sikuwa nimepanga kusema. Nikasema, "Huyu ni mama yangu." Watu thelathini na wawili, mjomba. Walipiga makofi.

Barua zangu zote huwa nakwambia uzifiche. Hii moja msomee. Mwambie najivunia yeye. Nikijaribu kwenye simu maneno yananikwama.

Swali lako la daftari nitakujibu siku nyingine, leo mkono umechoka.

Mpwa wako


19 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Hii ni wiki ya sita tangu nikuandikie, bila barua. Nikipiga simu unasema mtandao mbaya, na nyuma yako nasikia redio vizuri kabisa. Jumapili nilimwomba mama, ukasema amelala. Saa nne asubuhi? Mama yangu hajawahi kulala saa nne asubuhi hata alipokuwa na malaria.

Hujanitumia kurasa za Mei. Nimekosea wapi? Niandikie hata mistari mitatu.

Mpwa wako


28 Juni

Mpwa,

Marahaba. Usiwe na wasiwasi, huku kwema. Mvua zimekoma. Muuza maji na mke wake wamepatana, kiti kimerudi mezani. Mama yako mzima, anakula, kidole kinaendelea vizuri, ameanza tena kushona vitu vyepesi. Kurasa sijatuma kwa sababu daftari limeisha, nitanunua jingine.

Fanya kazi zako kwa utulivu.

Koleo


5 Julai

Mjomba,

Kidole gani?


16 Julai

Mpwa wangu,

Kalamu hii nimeishika na kuiweka chini tangu juzi. Mama yako kaenda kanisani, nyumba iko kimya, sina pa kukimbilia. Ngoja niseme.

Ile barua yako ya makofi ilifika Jumamosi. Nilimsomea kama ulivyotaka. Nilipofika pale "Huyu ni mama yangu," akasimamisha cherehani kwa mkono.

"Soma tena hapo."

Nikasoma.

"Watu wangapi?"

"Thelathini na wawili."

Akafuta gurudumu la cherehani kwa kitambaa kana kwamba lina vumbi. Halafu akasema, "Na sisi tumekuwa tukimlisha mtoto uongo."

Nikaanza, "Dada, daftari si..."

"Nyamaza, Koleo. Wewe na madaftari yako! Kesho tunakula alichoandika. Chote, kama alivyoandika."

Sasa nikwambie huo uongo. Mizani niliitumia wiki mbili za mwanzo, naapa. Halafu akaanza kusema chakula kina ladha ya adhabu. Nikaongeza mafuta kidogo. Ile sahani inabaki na nafasi nyeupe katikati, na mimi, mpwa wangu, miaka ishirini na sita nimefundishwa kwamba sahani yenye nafasi ni mpishi mwizi. Nikaijaza. Wateja wakija, chai ya sukari, yeye naye kikombe, atawaacha wanywe peke yao? Mkate jioni akishona oda. Na kila Jumapili nilikaa na ratiba yako, nikajaza daftari la wiki nzima, Jumatatu hadi Jumapili, kwa rula na mwandiko mzuri. Sikuwaza kwamba nadanganya. Daftari la jiko kwangu ni ahadi unayoandika asubuhi. Jioni hakuna anayerudi kuliuliza. Nilianza kushtuka daktari alipoisoma barua yako na kuongeza vidonge. Ndipo nikakuuliza swali lile. Hukunijibu, nami nikajiambia basi si kitu. Moyo wa mwoga una majibu mengi.

Basi Jumapili tukaanza kweli. Gramu mia moja. Kipande kimoja. Sukari yote nikampelekea mama wa mapacha. Siku ya kwanza alikuwa anaimba. Siku ya pili kichwa. Siku ya tatu akaniuliza kitu kimoja mara mbili, nikamtania kwamba anazeeka. Siku ya nne, Jumatano, kabla ya chakula cha mchana, alikuwa anapindia sketi za mwalimu mmoja, naye mwalimu amekaa hapo anasubiri. Jasho linamdondoka mama yako hadi kwenye kitambaa. Nikadhani joto. Cherehani inakwenda, yeye hatazami. Sindano ikapita kwenye kidole cha shahada, kwenye ukucha, ikatokea chini.

Hakulia. Ndicho kilichonitisha. Alikitazama kile kidole kama cha jirani. Nikazungusha gurudumu kutoa sindano, na alipokuwa huru akateleza toka kwenye kigoda.

Mwalimu akapiga kelele, "Huyu ana kisukari? Leteni sukari, haraka!"

Nikasema, "Hatuna."

"Hamna sukari nyumbani?"

"Tumeitoa. Tumeambiwa tuitoe."

Alinitazama jinsi ambavyo sitaki mtu anitazame tena. Akachomoa soda mkobani, akamkalisha, akamnywesha kidogo kidogo huku akimwita, "Fundi, meza. Fundi, usilale." Tukampeleka kliniki kwa gari la muuza maji, kati ya madumu. Huko wakapima: tatu nukta moja, nayo haitakiwi kushuka chini ya nne, na hapo keshakunywa soda.

Daktari akaniuliza, "Anakula nini hasa?" Nikampa daftari, nilikwenda nalo mkononi, sijui kwa nini. Akafungua, akapekua. Akasema, "Mzee, leo ni Jumatano. Hili limejazwa hadi Jumapili."

Vidonge viwili juu ya mlo ule mdogo ndivyo vilivyoishusha sukari, sasa amerudisha kimoja. Amesema sukari isikosekane ndani, ya dharura, vijiko vitatu kwenye maji. Kidole kilivimba, wakakata ukucha, sasa kinapona, lakini anashika kitambaa kwa shida. Yeye ndiye aliyenikataza kukuandikia. "Atajiona kaniua," alisema. "Mwache afurahie makofi yake kwanza."

Nimemaliza. Nitukane, lakini nijibu.

Koleo


24 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimepiga simu kliniki kabla ya kukaa kukuandikia, na daktari amenithibitishia kuhusu kidonge. Ni mpole kuliko ninavyostahili. Salamu za nyumbani leo sina, ila moja: muuguzi mwenzangu alinikuta nimekaa sakafuni na barua yako, akanivua viatu bila kuniuliza kitu.

Sitakutukana. Unadhani umenidanganya, na mimi nimekuacha udhani hivyo tangu Aprili. Kurasa zako zilikuwa safi, mjomba. Kila Jumatatu wino ulibadilika na haukubadilika tena mpaka Jumatatu nyingine. Hapakuwa na tone la mafuta wala namba iliyokatwa. Hata siku mama aliponiambia kwenye simu kwamba maji hayakutoka na mmekula mkate mkavu, daftari lilisema maharage nusu kikombe. Mgonjwa wangu wa Jumatano akiniletea karatasi ya namna hiyo, namrudishia nikitabasamu, namwambia, "Sasa niandikie ya kweli." Hiyo ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya. Yako niliitazama, nikaona, kisha nikaitazama tena hadi nikaacha kuona. Nilitaka iwe kweli. Kama ni kweli, basi siku ile ya sahani nilikuwa nimemwokoa. Kama si kweli, nilikuwa nimemwaibisha bure.

Kwa hiyo nikaandika "kikamilifu" na kutia sahihi. Daktari hakuongeza dawa kwa sababu ya daftari lako, aliongeza kwa sababu ya sahihi yangu. Na katika barua zote nilizokuandikia, na gramu zote hizo, sikuweka mstari mmoja kuhusu sukari kushuka: jasho, kutetemeka, kuuliza jambo mara mbili. Darasani ni somo la pili, baada ya ngumi. Kwenu sikulifundisha, kwa sababu akilini mwangu adui wa mama alikuwa mmoja tu, sukari ya juu, nami nilikuwa nikipigana naye kutoka ghorofa ya tatu.

Swali lako la Aprili nililielewa siku ileile. Mkono haukuwa umechoka.

Kuna jingine. Likizo haikuwa "haijajulikana." Nilipewa wiki mbili mwezi wa nne. Nilizitumia kuandaa ile mada. Ningekuja, ningekaa kwenye meza yenu siku moja, moja tu, ningejua kila kitu kabla ya chai ya saa nne. Nadhani ndiyo maana sikuja.

Jumanne niliomba niite mkutano. Walikuja ishirini na kitu, wengine walikuwa zamu. Nikaziweka kurasa zilezile ukutani, nikawaonyesha wino, nikawaambia nilichoandika na kilichotokea. Hakuna aliyepiga makofi, wala aliyenilaumu. Mkuu aliuliza tu, "Na mgonjwa alikuwa anakula nini hasa?" Nikazima mashine. Darasa la Jumatano amepewa mwenzangu kwa miezi mitatu. Mimi niko stoo ya jiko, napima unga unaoingia na kutoka. Huku chini nimefurahi kuwa na kazi ya mikono.

Mbele ya watu thelathini na wawili nilimwita mama yangu. Mbele yake nilimwita mia tisa na ishirini. Nimekuwa nikilirudia hilo siku nzima na sijui nalipeleka wapi.

Naomba barua hii umsomee. Yote, hata hapa. Usimpunguzie kitu, na usinitetee. Kisha niambie kama ataniruhusu nije. Nina wiki mbili kuanzia tarehe moja Septemba, na nimeshazisaini. Sitampangia chochote bila yeye kutaka. Ila naomba, mjomba, mwulize anakula nini. Usiandike kinachopaswa. Andika anachopenda, anachokula akiwa na hasira, anachokula akidhani umelala. Nitaanzia hapo.

Mpwa wako


9 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimemsomea. Sikupunguza kitu, ingawa pale pa sahani ilibidi ninywe maji kwanza.

Alisikiliza akiwa anafungua mshono wa suruali, akitumia kidole kibovu kwa ukaidi. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu: "Likizo alikuwa nayo?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kufungua mshono. Kidonge, kidole, soda, hakugusa hata kimoja. Likizo ndiyo iliyomwuma, ujue hivyo. Siku tatu hakulitaja jina lako. Nikimwuliza kuhusu ile orodha ya vyakula ananiambia, "Mwandikie mchanga."

Siku ya nne, nikiwa naosha vyombo, akaanza kusema bila kunitazama, nami nikaacha maji nikachukua kalamu. Hii hapa, kama alivyosema. Chai na wateja, vikombe vinne, sukari vijiko viwili viwili. Asubuhi mkate vipande vinne, siagi. Mchana wali sahani iliyojaa na mchuzi juu, halafu ukoko wa sufuria mimi nikigeuza mgongo. Viazi vya kukaanga akiwa na oda ya haraka. Asali kijiko kimoja kwenye kabati la vitambaa, ambacho mimi sikukijua, miaka mingi nakaa na mtu huyu. Na akasema, "Andika pia kwamba siku aliyoninyang'anya sahani, alipoondoka kwenda stendi, nilikula mara mbili ya ile. Nilikula hadi nikaumwa. Andika, si anataka kujua?"

Nimeandika.

Kisha nikamwuliza, "Dada, nimwambie aje au asije?"

Akauma uzi, akautema. Akasema nikuandikie maneno haya haya, akanisubiri nimalize kila neno:

"Mwambie aje. Akifika atakula ninachokula mimi, sahani kwa sahani, gramu kwa gramu, siku kumi na tatu, na atakaa hapa mbele ya wateja. Kikombe nikikikataa, naye akikatae. Njaa ikinitoa jasho, imtoe na yeye. Siku ya kumi na nne, ndipo aniambie nipunguze nini."

Koleo